Ua la Makaburini

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia Tunduma, na nilikuwa na ugonjwa wa walimu: kutaka kuonekana najua. Miaka ile ya tisini mdogo wangu wa kike alikuwa Ihanda na mumewe, kwenye kahawa aliyoacha baba, na binti yake wa miaka sita akavimba taya. Hospitali kubwa walisema ni kansa, ila ni ile inayosikia dawa ikiwahiwa. Akapangiwa sindano sita, moja kila baada ya wiki mbili. Baada ya ile ya pili uvimbe ulinywea, mtoto akaanza tena kutafuna mahindi ya kuchoma.

Jumapili moja nikawatembelea. Kando ya kaburi la baba, nyuma ya nyumba, yalikuwapo yale maua ya rangi ya waridi ambayo watu hupanda makaburini kwa kuwa jua haliyaui. Nikachuma moja, nikaliinua kama niko darasani.

"Mnajua dawa anayochomwa mtoto inatoka humu?"

Shemeji akaacha kugeuza kahawa kwenye kichanja. Wote wakanikodolea macho, nami nikafurahi, sifichi. Nilijua kwamba lori zima la majani hutoa dawa kiduchu, na kwamba mle mle mna sumu nyingine ambazo wataalamu huzitenga kwanza. Sikusema. Ningeharibu utamu wa habari.

Safari ya sindano ya tatu haikufanyika. Kahawa ilikuwa imeiva, wanunuzi binafsi wanapita mlango kwa mlango, na nani aende mbali kufuata kitu kilichoota nyuma ya nyumba? Mdogo wangu alichemsha majani asubuhi na jioni. Mtoto alipotapika, wakasema dawa inafanya kazi. Mimi nilipata habari baada ya mwezi na zaidi, uvimbe wa taya umerudi, mkubwa kuliko mwanzo. Tulimkimbiza hospitali, wakamchoma sindano zile zile. Safari hii ugonjwa haukusikia.

Watu walimlaumu shemeji kwa kupenda kahawa kuliko mtoto. Niliwaacha wamlaumu. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mama mmoja kutoka Igamba, amembeba mwanawe aliyevimba shavu. Mdogo wangu akainuka mkekani, akaenda kumchumia matawi.

"Chemsha haya, mwenzangu. Sisi tulichelewa kuyaanza. Dada yangu huyu ni mwalimu, ndiye aliyetufungua macho."

Akanitazama nithibitishe.

Nilimpokonya yule mama matawi. Nikamwambia ampeleke mtoto hospitali leo hii, asikatishe sindano hata moja, kwamba majani hayo kwenye sufuria si dawa, yatamdhuru tu. Nikaeleza yote, lori na sumu, mbele ya waombolezaji wote.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Dada, hayo uliyajua lini?"