Fundi Zege na Jicho Lake

Mmenichosha na maswali yenu kuhusu fundi zege wa dada yangu. Haya, shikeni, na msinirudishe nyuma. Pimamaji anayo, mpya, inaning'inia kiunoni, wala haigusi. Akitaka kujua sakafu imelalaje, hufumba jicho la kushoto, hutoa ncha ya ulimi, kisha huguna, "Mmh! Sawia." Zege hulipapasa kwa mwiko polepole kama anayembembeleza mtoto, huku akilinong'oneza, "Tulia, mama, tulia." Dada alitaka jambo moja tu: banda lake ni nguzo na bati, halina kuta, basi mvua ikipiga maji yateremkie mtaroni, mahindi ya mwaka mzima yasiote ndani ya magunia. Zege lilipokauka akamwaga ndoo ya maji. Yakasita, yakageuka, yakakimbilia magunia. "Wewe fundi! Na hiyo pimamaji kiunoni ni shanga?" Fundi akafumba jicho, akaguna. "Usijali, mama. Maji bado mageni hapa, yatazoea." Akaendelea kuosha mwiko wake taratibu. Na wewe unayecheka hapo, wingu limeshatanda: kunja mikono ya nguo, uje tuyapandishe magunia juu ya mbao.