Unga Ulioombewa Ruhusa

Ukitaka kumjua Silvère, usimwulize yeye mwenyewe. Nenda Kimisagara, hapa kwetu Kigali, siku ya Jumapili, fuata harufu ya maharage ya mawese, utafika tu. Ni fundi wa kuchomelea, amelelewa Buyenzi kule Bujumbura, na tangu afiwe na mkewe amejifunza kupika kwa ubishi, kwa sababu shemeji zake walisema atakula mkate na chai mpaka afe. Sasa ana masufuria makubwa yenye mishikio aliyoiunga kwa mkono wake, na kila Jumapili anatuita majirani tukale. Ukiweka kijiko chini mapema anadhani umemtukana.

Mimi naishi upande wa pili wa ukuta wake. Wananiita Mama Shimwa. Hasira zangu ziko karibu, sifichi, na watu wazima wanaozungukana bila kusemana wananichosha. Mwaka mzima Silvère alimpenda Mutoni, fundi cherehani wa kona ya juu, naye ni mjane pia. Mwaka mzima kazi yake ikawa kumpelekea suruali za kushona, suruali ambazo alizichana mwenyewe. Nikamwambia akichana nyingine tena, nitakwenda kumsemea mimi. Akachana nyingine. Nikaenda.

Mutoni alikulia Bukoba. Kiswahili chake kimenyooka, na maneno yake vilevile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, kisha akasema, "Nimewapikia watu maisha yangu yote, Mama Shimwa. Anayenitaka, anipikie yeye kwanza. Mandazi, siyo yale maharage yake. Nikishakula nitajibu."

Siku akaichagua mwenyewe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mara tu baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya mtaani. Asubuhi hiyo maduka yote hufungwa, kwa hiyo hangekuwa na wateja wa kumsumbua.

Sasa, mandazi ni kitu rahisi. Unga, sukari, hamira, hiliki iliyotwangwa, maziwa ya uvuguvugu na mafuta kidogo. Unakanda mpaka unga uache kung'ang'ania mkono, unafunika, unasubiri. Nilimwelekeza Silvère yote hayo, naye akaitikia kila neno kwa adabu. Shida ya mtu wa kuchomelea ni kwamba kwake kitu kikichelewa, dawa ni kuongeza moto. Alfajiri ile, kwa hofu kwamba Mutoni atafika unga haujaumuka, alitia hamira ya kutosha harusi. Halafu akaliweka beseni kando ya jiko lenye makaa, akalifunika kwa taulo, akabeba koleo lake, akaja kuzibua mtaro pamoja nasi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia hivyo mtu aliyependa?

Alinisimulia haya tukiwa ndani ya matope, tena kwa majivuno. Nilitaka kumpiga na jembe. Baada ya kazi huwa kuna mkutano, na mkuu wetu wa mudugudu, yaani wa mtaa, Valens, ni mtu mwema ambaye hajawahi kusema jambo mara moja akaridhika. Nikamshauri Silvère atoroke mapema. Akasema mtu wa umri wake hatoroki mkutano, watu watamwonaje, na huenda leo Valens akafupisha.

Valens hakufupisha. Alianza na usafi, akaenda kwenye taa za barabarani, akarudi kwenye usafi. Silvère alikuwa ameketi mbele yangu, shingo yake yote jasho. Mutoni alikaa mstari wa kwanza, ametulia, mikono mapajani. Jua likapanda. Nililifikiria lile beseni, na ile hamira, na yale makaa, kicheko kikanishika. Nikauma kitenge changu. Machozi yakanitoka, mama aliyekaa karibu nami akadhani nimeguswa na hotuba, akanipa leso.

Mwishowe Silvère akanyoosha mkono. Akiogopa, Kinyarwanda humkimbia chote, anabaki na Kiswahili cha utotoni.

"Chef Valens, naomba ruhusa nifike nyumbani kidogo. Iko unga yangu kule, inaumuka."

Valens akauliza, kwa nia njema kabisa, huo unga una dharura gani. Silvère akasema ana mgeni. Valens akashangaa: mgeni gani huyo asiyeweza kusubiri, wakati asubuhi ya umuganda kila mtu yuko kwenye umuganda? Silvère akaangalia viatu vyake. Nikajua sasa yatamtoka yote.

"Mgeni iko hapa. Ni Mutoni. Mandazi ikiharibika, hatanikubali."

Penzi ni kikohozi, kulificha huwezi, lakini sijawahi kuona mtu akilikohoa mbele ya mudugudu mzima. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele, hata Valens akajificha uso kwa kofia. Alipopata pumzi akasema ruhusa imetolewa. Silvère hakuondoka. Alisimama pale huku masikio yakimwaka, nikamhurumia mpaka kicheko kikanikauka.

Ndipo Mutoni akasimama, akajipangusa vumbi kwenye sketi.

"Na mimi naomba ruhusa," alisema. "Unga ukizidi kuumuka unachacha. Peke yake hatauwahi."

Mkutano uliishia hapo, nani angebaki? Nilitangulia mimi. Unga ulikuwa umelisukuma taulo, umelivuka beseni, umeteremka kwenye kigoda, na kipande kimoja kilikuwa kimejichoma chenyewe ubavuni mwa jiko. Silvère akashika kichwa. Mutoni akachukua kidonge kidogo cha unga, akakionja, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanawa mikono, akajifunga kitenge, akaanza kukata unga uliobaki ndani ya beseni, naye Silvère akabandika mafuta.

Mdomo wangu haujui kupumzika. Nikamkumbusha Mutoni kwamba alitaka apikiwe yeye kwanza.

Hakuinua macho. "Leo namsaidia, amejiaibisha vya kutosha. Kesho atanipikia. Na keshokutwa, na siku nyingine zote."

Silvère hakuelewa. Alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo kesho apike mandazi tena au maharage. Nikamfinya mkono, nikamrudishia yale maneno polepole, moja baada ya jingine, mpaka yakamwingia. Akakaa juu ya gunia la mkaa, mwiko mkononi, akacheka na kulia kwa pamoja, na mafuta yakaanza kuungua.