Asubuhi Lori la Kwenda Hija Lilipogoma

Juzi, pale Raskazone mjini Tanga, gari la mjukuu wangu liligoma kuwaka. Akapiga simu, fundi akaja na bodaboda, akachomeka kidude chake, na kabla sijamaliza kulalamikia jua tukawa njiani. Mjukuu akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia anyamaze aendeshe. Lakini wewe nitakusimulia, maana siri hii nimekaa nayo tangu miaka ya hamsini, na wenyewe wote wameshatangulia mbele ya haki.

Nilikuwa msichana wa miaka minane, Kigombe, nikilelewa na bibi mzaa mama. Bibi alikuwa anakwenda Hija. Aliingoja safari ile tangu mama yangu hajazaliwa, na meli ilikuwa ing'oe nanga Tanga alasiri ile ile. Ikimwacha, ni kungoja mwaka mwingine, na magoti yake yalishaanza kumgomea.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani kwetu. Nyumba ilinukia udi na vitumbua, kina mama wanamfungia samaki wa kukaanga wa kutosha jahazi zima. Mimi nilipewa mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia marashi, nikaambiwa nisiache mtu. Sikuacha. Nikawanyunyizia wageni, mizigo, hata kuku. Dereva wa lori la kumpeleka bandarini alikuwa amefunua boneti kutia maji kwenye rejeta, nami nikaona injini nayo inasafiri na bibi yangu, kwa nini inyimwe? Nikaimiminia mpaka chupa ikakauka.

Bibi akapandishwa mbele. Dereva akazungusha hendeli ya kuwashia injini. Kimya. Akazungusha tena, jasho likamtiririka. Akatazama petroli, ipo. Akapuliza bomba la mafuta, halikuziba. Wanaume wakalisukuma lori, magurudumu yakazama mchangani. Jua likapanda, mama yangu, aliyekuja kumuaga, akaanza kulia. Nilikuwa nimeanza kuishuku ile chupa tupu mkononi mwangu. Nikaificha ndani ya kanga.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. "Hilo jicho hilo," akasema mmoja, na watu wakageukia nyumba ya mbele yetu. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, peke yake. Yeye na Bibi walikuwa na miaka mitatu hawasemeshani kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi. Bibi alimwazima nzima, ikarudi imevunjika mguu, na jirani akaapa kwamba aliipokea hivyo hivyo. Juma zima lile Bibi alipita mlango kwa mlango kuomba radhi, kama afanyavyo kila mwenye kwenda Hija, lakini mlango ule mmoja aliuruka. Hata mtoto nilijua aliuruka.

Bibi alisikia ule mnong'ono. Akashuka kwenye lori, polepole, akakataa kushikwa mkono.

"Asisingiziwe mtu," alisema. "Kosa langu mimi."

Akavuka uwanja.

"Shoga, nimekuja unisamehe maneno yangu. Siwezi kwenda kusimama mbele ya Kaaba nimekununia."

Jirani akaziba uso kwa mtandio. "Nimekusamehe dunia na akhera. Na ile mbuzi niliivunja mie, shoga yangu. Niliona haya tu." Wakashikana wakalia, kisha nikawasikia wakicheka.

Wakati huo huo dereva alikuwa ameng'oa kile kifuniko cheusi kinachogawa moto kwenye plagi. Akakinusa. Akanitazama, akaitazama kanga yangu. "Injini yangu leo bibi harusi," akaninong'oneza, akakikausha kwa ncha ya kikoi chake na kukirudisha mahali pake. Lakini hakuzungusha hendeli. Alisimama nayo mkononi, anangoja, mpaka Bibi aliporudi na kukaa. Ndipo akazungusha mara moja tu, lori likanguruma, uwanja mzima ukapiga vigelegele na takbiri. Mimi nilikaa chini mchangani, nikicheka kwa furaha.

Meli aliiwahi. Kigombe nzima ikaamini kwamba radhi ndiyo iliyowasha lori, na dereva, Mungu amrehemu, hakumkanusha mtu. Siku hizi mwenye kwenda Hija hututumia ujumbe mmoja wa simu watu mia, "nisameheni", nasi tunajibu kwa kidole. Siwalaumu. Ila hakuna tena anayevuka uwanja huku watu wanamtazama.

Bibi alirudi baada ya miezi kadhaa, salama. Hakuingia kwetu kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya mbele na chupa ya maji ya zamzam mkononi, na mlangoni pale wakamwambia kwamba jirani alizikwa wakati wa masika. Alikaa kwenye kizingiti akalia sana. Kisha akafuta macho, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Siku ile nilimkuta."