Ghala la Asmah Ufukweni

Gorret alizaliwa Kyondo, juu mlimani, kwenye mibuni na migomba. Alipopata ufadhili wa shahada ya uzamivu, wa kuchunguza jinsi dhoruba kali zinavyokula fukwe, mama yake alicheka hadi akaketi.

"Ufukwe gani, mwanangu, na sisi ni watu wa milima?"

Gorret alimweleza kwamba wenzake ng'ambo wanapima bahari, lakini yeye ameomba kupima Ziwa Edward, kwa sababu nalo lina mawimbi, na kando ya mawimbi hayo kuna watu.

Kufikia mwaka wa tatu, furaha ya kupata ufadhili ilikuwa imemwisha. Alipanga chumba Kasese, upande wa Bulembia, na karibu kila wiki alipanda boda boda kwenda ziwani, mgongo ukimuuma, akapime umbali kutoka vigingi alivyopigilia ufukweni hadi majini. Vigingi vingine aliviona vikiwaka chini ya masufuria ya watu. Wafadhili walitaka ripoti. Msimamizi wake, Dakta Omara, alitaka dhoruba. Ile kubwa ilikuwa haijaja, na bila hiyo tasnifu ilikuwa haina kichwa wala miguu. Kwa hiyo Gorret akajikuta anaitamani, na kila alipoitamani alijisikia vibaya.

Mtu aliyemzoea pale ufukweni alikuwa Asmah, mama wa makamo kutoka Bwera, aliyeitwa Mama Swalik kwa jina la mwanawe, aliyenunua samaki, akawakausha, akaenda kuwauzia Wakongo mpakani. Alimpa Gorret chai bila kuulizwa. Siku moja akamwambia:

"Dakta, mimi nataka kujenga ghala. Weye unapima hapa kila siku. Nijenge wapi?"

"Bado sijawa dakta, Mama Swalik."

"Utakuwa. Sema."

Gorret akafikiria vipimo vyake. Kila upepo mkali aliouona ulipiga upande wa magharibi. Akamwonyesha mahali nyuma ya matete, upande wa mashariki. "Pale pametulia," alisema. Asmah akajenga pale, na mumewe Wahab akaezeka mabati mapya.

Dhoruba ilikuja mwezi wa nne, alasiri. Gorret alikuwa chumbani Kasese upepo ulipoanza kung'oa paa za majirani. Watu walikuwa wakikimbiza nguo na watoto, naye akasimama dirishani, moyo ukimdunda kwa furaha. Hatimaye, alijisemea. Hatimaye.

Asubuhi alifika ziwani mapema. Hakumsalimu mtu. Alitoa vyombo vyake akaanza kupima upesi, maana alijua alama za mawimbi hazidumu. Alifuata ukingo mpya akiwa ameinamisha kichwa, akivuta utepe, hadi akafika mahali ambapo matete yalikuwa yamelala chini na nguzo mbili zimesimama majini. Hapo akainua macho. Ghala halikuwepo.

Asmah alikuwa ameketi mchangani, mkono umefungwa kwa leso.

"Umeanza kupima," alisema. "Hata pole hujanipa."

"Pole, Mama Swalik. Pole sana. Mkono..."

"Mabati ilinikata. Nitapona." Alizionyesha nguzo zile majini. "Si uliniambia hapa iko salama?"

"Niliamini hivyo. Upepo umetoka upande ambao sijawahi kuuona."

"Mimi sikuuliza upepo. Niliuliza mutu."

Wahab alikuwa ndani ya maji, anavuta bati lililokunjamana, na hakugeuka hata kumtazama. Gorret akaweka utepe chini, akavua viatu, akaingia. Walikusanya mabati na samaki waliolowa hadi jua likaanza kushuka.

Dakta Omara alipiga simu jioni.

"Hii ndiyo tuliyoisubiri, Gorret! Umepata vipimo?"

"Nusu."

"Nusu? Kesho ufukwe huo hautakuwa hivyo."

"Najua."

"Sasa ilikuwaje?"

"Nilikuwa nakusanya mabati ya watu."

Omara hakuwa mtu mbaya. Alimwambia aandike alichonacho. Gorret akaandika, na humo akaeleza wazi kwamba mahali alipopaita salama ndipo palipoliwa zaidi. Wafadhili hawakumwongezea muda. Watahini walimrudishia kazi airekebishe, akairekebisha kwa miezi, macho yakimuuma, bila kujua kama itapita.

Asmah hakurudi ziwani. Alianza kuuza unga wa muhogo Bwera, na siku moja ya soko Gorret akaenda kumwona. Walisalimiana kwa adabu, kama watu wanaofahamiana kidogo tu. Gorret akakaa juu ya gunia huku Asmah akiwapimia wateja.

Wateja walipopungua, Asmah akasema bila kumtazama: "Kaka yangu anataka kujenga karibu na muto Lhubiriha. Nimemuambia angojee kwanza."

"Mito siijui vizuri, Mama Swalik. Naweza kuja kuangalia, lakini huenda nisijue."

"Kuja tu uangalie. Na kama hujui, umuambie hujui."

Akajifuta unga mikononi, akamwachia jirani biashara yake, nao wakateremka kuelekea mtoni, Asmah mbele, Gorret nyuma akiburuta miguu.