Jembe la Kuhitimu

Mimi ni mwalimu wa kilimo gerezani, na mvivu simvumilii. Kwa hiyo nilipomkuta mfungwa mmoja amepiga magoti anachimba tuta kwa mikono, nilimfokea. Wenzake wakacheka. "Mwalimu, huyo ndiye Fuko. Jembe hagusi."

Baadaye askari akanieleza. Fuko aligombana na mdogo wake juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba yao, akampiga jembe la kichwa. Mdogo mtu akafa palepale. Tangu siku hiyo Fuko hajashika mpini. Hasira yangu nikaimeza.

Lakini mikono ile ilikuwa na baraka. Mchicha, vitunguu, hata bilinganya zilizotushinda sote, kwake vilistawi. Tatizo ni kwamba anayefaulu mafunzo hupunguziwa kifungo, na mtihani wenyewe ni wa kulima kwa jembe. Nyumbani alibaki mama yake tu, uzee umemwelemea, shamba limegeuka pori. Alikuwa ametuma salamu: "Mwambieni aje kabla sijafa. Sina mwingine."

"Kaka, shika jembe ukamwone mama yako," nilimwambia.

"Mwalimu, nikilishika namwona mdogo wangu."

"Basi mwone, huku unalima."

Maneno makali, najua. Alilima. Alikwenda kutapika pembeni ya tuta, akarudi kumalizia mstari. Akafaulu.

Sasa, wakubwa wana ukarimu wao: kila mhitimu hupewa jembe jipya la kuanzia maisha. Nilimwendea mkuu wa gereza nikamsihi huyu apewe mbegu. "Mwalimu, taratibu ni taratibu," alisema, hata macho hakuinua. Nilitoka nimefura.

Siku ya kuachiwa tulimpeleka kwao kwa gari, mimi na askari mmoja. Jembe nililisukumia chini ya kiti mimi mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni, amefungua mikono. "Mwanangu! Njoo, njoo." Fuko akapiga magoti, akamshika miguu, wakalia wote wawili, nami machozi yakanitoka.

Ndipo askari, mtu wa kazi yake, akashuka garini na jembe begani. "Mama, nimeagizwa nikukabidhi mtu na kifaa chake."

Mikono ya mama ikaanguka. "Hilo linatafuta nini hapa?"

"Ni zawadi yake, mama."

"Limeshanizikisha mtoto hilo." Alirudi nyuma akishikilia ukuta. "Liondoeni. Na yeye mwondoeni."

"Mama, sikulitaka. Wamenipa tu," Fuko alisema, bado yuko chini. Mlango ukafungwa, tukasikia komeo.

Nilimgombeza yule askari mpaka sauti ikanikauka. Gereza halimpokei mtu aliyemaliza kifungo, wala halirudishiwi kifaa kilichokwisha kutolewa. Askari alilaza jembe kando ya Fuko pale mlangoni, akawasha gari. Nami, ningefanyaje, nikapanda.