Godoro la Mke wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa mtu wa usingizi wa pono. Miaka kumi na minne alipanda mlima na mkewe pamoja na kikundi chao, mara mbili kila msimu wa baridi, wakilala kwenye mahema mahali ambapo maji huganda ndani ya ndoo, na hakuwahi kushtuka usiku hata mara moja. Alijisifia dukani, jicho moja kwenye lenzi, jingine kwa mteja. "Baridi ni woga tu," alikuwa akisema. Watu wa namna hii tunawajua. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini anayeelea mara nyingi hana habari na aliyeunda.

Mkewe akafariki. Safari ya kwanza bila yeye, fundi aliingia kwenye mfuko wa kulalia na fulana iliyolowa jasho, tumbo tupu, kichwa wazi, godoro limebaki limekunjwa begini. Mke ndiye aliyekuwa akimkumbusha hayo yote, na sasa hapakuwa na wa kumkumbusha. Akatetemeka mpaka ulimi ukawa mzito. Kiongozi wa kikundi, nesi mmoja ambaye wote humwita Sista, alikesha akimpasha joto, na kulipokucha safari ikavunjwa, watu wote wakateremka naye.

Sista alimfuata dukani wiki iliyofuata.

"Mzee wangu, nakupa safari moja tu," alisema. "Ukizidiwa tena na baridi, basi, utabaki nyumbani. Nakuheshimu, lakini sitaki kukushusha kwa machela."

"Nimekusikia, binti."

Alisikia sana. Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, saa kumi na tisa ukutani, na hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza ni saa ngapi. Kule mlimani angalau kulikuwa na watu wa kumwita chai ikiwa tayari. Kuipoteza safari ile kulimtisha kuliko baridi yenyewe.

Basi akajifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Badili nguo zote kabla ya kulala, hata soksi unazodhani ni kavu. Kula kitu chenye mafuta. Nenda haja mapema, usijibane. Jaza chupa maji ya moto, ivishe soksi, iweke mapajani. Usiingize mdomo ndani ya mfuko, maana pumzi nayo ni maji. "Na zaidi ya yote," Sista alimwambia, "baridi mbaya hutoka ardhini. Blanketi kumi juu hazikusaidii kama chini huna kitu."

Hapo fundi akapata wazo. Nyumbani kulikuwa na magodoro mawili ya upepo, ya kijani, yaliyonunuliwa siku moja. Aliamua kuchukua la marehemu, lile lililokuwa kwenye begi la mkewe, na kuliacha lake. Mkewe hakuwahi kulalamika baridi; bila shaka lake ndilo lililokuwa bora. Fundi mzima wa saa, hesabu yake ikaishia hapo.

Kule juu alifuata kila agizo. Akalipuliza godoro mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuwa kutandika ilikuwa kazi ya mkewe, akajilaza akiwa na kofia, supu tumboni na chupa mapajani. Alilala kama saa mbili. Alipoamka, kiuno kilikuwa juu ya mawe na ubaridi unampanda uti wa mgongo. Godoro lilikuwa bapa. Akalipuliza tena, likakaa saa moja, likanywea.

Akawasha tochi ya kichwani, akalipapasa kutafuta tundu. Karibu na bega palikuwa na kiraka juu ya kiraka, na pembeni alama ya kuungua. Fundi aliikumbuka. Mwaka wa kwanza aliangusha kijiti cha kiberiti kwenye godoro lake mwenyewe, na mkewe akasema, "Usijali, nimeziba, limepona." Akageuza mahali pa kupulizia. Kila saa anayoitengeneza huikwaruza alama yake ndogo ndani ya kifuniko, na vitu vyake vyote kadhalika. Alama ilikuwa pale.

Hili lilikuwa godoro lake. Lile zima aliloliacha nyumbani, alilolalia miaka kumi na minne, lilikuwa la mkewe.

Akakaa ameshika mpira ule uliolegea. Ndiyo maana mkewe alikuwa wa kwanza kutoka hemani, chai imeshachemka, na kikundi kizima kikimsifu kwa kuamka mapema. Hakuwa akiamka mapema. Alikuwa ameshindwa kulala. Fundi alilia, na alilia kwa uchungu na kwa aibu, ameuma kitambaa cha mfuko ili wenzake wasisikie.

Jua lilipochomoza Sista alifungua zipu ya hema.

"Umelalaje, mzee?"

Kusema uongo kulikuwa rahisi. Hakuita mtu, hakusumbua mtu, na alikuwa bado anaweza kutembea.

"Sikulala, binti. Nimepata baridi usiku kucha."

Sista alichuchumaa mlangoni mwa hema. "Unakumbuka tulivyokubaliana."

"Nakumbuka."

"Ungeweza kuniambia umelala vizuri."

"Mke wangu aliniambia hivyo kila asubuhi," fundi alisema. "Nami niliamini, kwa sababu mimi nilikuwa na joto."