Siku Baba Alipoigiza Kimamba

Juzi mwanangu alinionyesha katuni ya vichekesho kwenye simu: mzee anachechemea, watu wanaangua kicheko. Nilimrudishia simu kabla katuni haijaisha.

Nilikuwa msichana mdogo pale Kimamba vijana wa Morogoro walipokuja na kamera kurekodi kichekesho. Walimwendea baba, ambaye mguu wake uliharibiwa na mashine ya mkonge.

“Shikamoo, mzee. Tunaomba utembee tu hapa sokoni, ndiyo igizo lenyewe.”

“Marahaba,” baba akaitikia, akaenda kuvaa shati lake la kanisani, lililonukia sabuni ya mche.

Alipotembea, kijana mmoja alimfuata nyuma akichechemea vilevile, ametoa ulimi. Soko zima lilicheka. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, nikiamini wanamshangilia baba. Ghafla aligeuka, akamwona yule kijana. Alinishika mkono tukaondoka.

“Baba, umekuwa staa!”

“Twende nyumbani, mwanangu.”

Tangu siku hiyo hakupita tena sokoni mchana. Alizungukia nyuma, kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa. Nami niliwaambia wenzangu, kwa majivuno, kwamba mastaa hawapiti ovyo mbele za watu.